Choo cha Mama Mkwe

Miaka ile ya sitini, kama ungepita Nyaramba siku isiyo ya soko ukasikia wimbo wa kanisa ukitoka ardhini, hukuwa na sababu ya kukimbia. Wengine walikimbia. Bibi kizee mmoja aliyetoka kuchuma mboga alitupa kikapu chake akapiga mbio hadi kwa mchungaji, akamwambia kwamba ufufuo umeanza, tena umeanzia shuleni, karibu na bustani ya kabichi. Mchungaji alivaa koti, akaenda, akachungulia. Chini kabisa alikuwapo Momanyi na jembe lake la mpini mfupi, anachimba choo cha walimu na kuimba kwa sauti ya besi kana kwamba kwaya nzima iko naye mle shimoni.

"Mchungaji!" alisema Momanyi kwa furaha. "Afadhali umekuja. Hebu tazama hii ukuta."

Na mchungaji, atafanyaje, akautazama ukuta.

Momanyi alikuwa hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyomzidi kimo, na hakuna aliyemwona amenuna. Alianza kazi akiwa kijana kwa kuvuta ndoo za udongo za mchimbaji mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto. Siku moja mchimbaji akaumwa jino, akakataa kushuka. Momanyi akashuka badala yake, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Alipenda udongo unavyobadilika: juu mweusi, halafu mwekundu, halafu ule wa kijivu unaonata kama ugali wa wimbi. Alipenda ubaridi wa mle ndani wakati wenzake waliunguzwa na jua mashambani. Zaidi ya yote alipenda sauti yake. Juu ya ardhi Momanyi aliimba vibaya, nasema kweli tupu, lakini mle shimoni hata kukohoa kwake kulikuwa kutamu.

Tena alikuwa na majivuno ya ajabu. Kila choo kilipokamilika alikaa siku nzima kando yake, amekoga, amechana nywele, akimwita kila apitaye aje aone kabla hakijafunikwa. Sokoni angeweza kumshika mtu mkono katikati ya maneno ya bei ya ndizi na kumwambia, "Umeona ile shimo ya mwalimu mkuu? Enda uone, kesho wanafunika!" Na watu walikwenda, wakasimama ukingoni na kutikisa vichwa, maana kuta zilinyooka na pembe zilikaa sawasawa, na mtu aliona aibu kidogo kufikiria kitakachoingia mle.

Ila watu ni watu. Walitaka vyoo vyake lakini mkono wake hawakutaka kuushika. Harusini alikalishwa karibu na mlango. Watoto walimwita Bwana Shimo, naye akaitika. Siku za Sabato, yaani Jumamosi, alivaa shati jeupe lililofuliwa mpaka likaumiza macho, akakaa benchi la mbele kabisa, na benchi lile lilikuwa na nafasi nyingi. Iliuma. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Lakini Jumapili asubuhi alikuwa ameshashuka shimoni, ameanza wimbo, na kinyongo kimemtoka.

Sasa, lile shimo la walimu ndilo lililomletea Nyanchera. Nyanchera alikuwa binti wa mzee Okemwa, mzee wa kanisa mwenye shamba la chai na nyumba ya mabati. Alikuwa akipita shuleni kila siku akipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, na siku moja alisimama ukingoni na kikapu mgongoni, akasikiliza, kisha akapaza sauti.

"Wewe wa huko chini! Umeruka ubeti wa pili!"

Momanyi akainua uso. Aliona kichwa tu, kitambaa chekundu, na mbingu pande zote. "Huku chini hakuna kitabu," alijibu. "Niimbie huo wa pili, mimi nitashika wa tatu."

Nyanchera alicheka mpaka majani yakamwagika. Kisha akauimba ubeti wa pili, pale pale, huku walimu wakichungulia madirishani. Kesho yake akauimba tena. Wiki ya pili walikuwa wameumaliza wimbo huo na nyingine nyingi, na shimo la walimu likawa ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote aliyowahi kuchimba Momanyi. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kama wanachimba choo au kisima. Momanyi akaona hana budi kupanda juu, akamwona Nyanchera mzima mzima kwa mara ya kwanza, akasahau maneno yote aliyokuwa ameyapanga.

"Wewe ni mrefu," Nyanchera alisema. "Nilidhani u mfupi."

"Kule ndani kila mtu ni mfupi," alisema Momanyi, wakaangua kicheko wote wawili.

Mambo yakawa mambo. Momanyi alitafuta esigani wa kumpeleka ukweni, na esigani huyo, mshenga wake, alikuwa shangazi yake Bathsheba, mama mnene mwenye maneno mengi ambaye alikuwa ameshaunganisha nusu ya ndoa za kata ile. Walikwenda asubuhi ya Jumapili. Njia nzima Bathsheba alimwonya. "Wakiuliza kazi, wewe tazama miguu yako. Mimi ndio nitajibu. Umesikia? Miguu!"

Walipokewa vizuri. Orpah, mama yake Nyanchera, alimpa Momanyi mkono kama ampavyo mgeni yeyote, akaenda jikoni kuleta chai. Mzee Okemwa alikaa kwenye kiti chake chenye mito akauliza habari za ukoo, za mvua, za ng'ombe. Halafu akauliza, "Na huyu kijana anashughulika na nini?"

Momanyi akatazama miguu yake.

"Huyu," alisema Bathsheba akikohoa, akimwita mzee tata, yaani baba, kwa heshima, "huyu ni mtu wa ardhi. Kazi yake ni ya ardhi, tata. Ardhi tu."

"Mkulima?"

"Anaenda chini kidogo kuliko mkulima."

"Anafanya kazi mgodini?"

Bathsheba alikuwa ameshafungua mdomo ili akubali mgodi, na nina hakika angetaja mpaka dhahabu. Lakini Momanyi hakuweza kuvumilia zaidi. Aliinua uso wake, na uso wenyewe ukang'aa.

"Nachimba vyoo, tata. Kile cha shule ni changu. Cha zahanati pia. Kama una nafasi leo nikupeleke uone, bado hawajafunika."

Bathsheba alimfinya paja mpaka akaruka. Okemwa aliweka kikombe chini polepole. "Binti yangu amesoma mpaka darasa la saba," alisema. "Kwenye makambi ya kanisa wakiniuliza mkwe wangu anachimba nini, niseme nini?"

"Vyoo, tata," Momanyi alimsaidia.

Hapakuwa na chai ya pili. Hata hivyo Okemwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwenye makuu tu. Kabla ya kuwasindikiza alimwambia Momanyi kwamba katika ofisi moja kule Kisii mjini wanatafuta tarishi, na anayeajiri ni rafiki yake. Angepewa kaptula ya kaki, kofia, na baiskeli. "Acha jembe, chukua hiyo kazi, halafu rudi tuongee mambo ya ng'ombe."

Momanyi alikipenda sana hicho kibaiskeli, nisimsingizie. Akakifikiria mpaka getini. Kisha akageuka. "Baiskeli ni nzuri, tata. Lakini tarishi watampata. Mimi nikiacha yangu, nani atashuka?"

"Basi shuka nayo," alisema Okemwa, akafunga geti.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Momanyi aliendelea kuimba, ila aliimba nyimbo za mazishi. Alimtaka Nyanchera kwa moyo wake wote, na alijua kwamba akimpata kwa kuliacha jembe, kila asubuhi angeamka mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye angekuwa mume wa Nyanchera. Nyanchera naye alimwambia wazi kwamba yeye hakumpendea kofia. "Niliyempenda alikuwa ndani ya shimo," alisema. "Huyo wa baiskeli simjui." Naye aliporudi nyumbani akawa anaimba jikoni, ubeti wa kwanza na wa tatu tu, akiuruka wa pili, na mama yake Orpah akawa anasikiliza.

Ikafika mwaka wa sitini na tisa, na makambi ya Waadventista yakapangwa kufanyika katika kanisa la Okemwa. Makambi, kwa asiyejua, ni wiki nzima ya mahubiri na nyimbo, watu wanatoka kila upande na mablanketi yao, na wachungaji wakubwa wanalala kwa wazee wa kanisa. Okemwa aliomba apewe wale wakubwa kabisa, akapewa. Akapaka nyumba chokaa. Akanunua vikombe vyenye maua.

Ndipo akaja bwana afya na pikipiki yake. Kila nyumba ya kupokea wageni ilikuwa lazima ikaguliwe. Bwana afya alisifu chokaa, akasifu vikombe, kisha akaingia chooni nyuma ya migomba. Choo hicho kilikuwa cha zamani, mchwa wamekula magogo ya sakafu, na watu wa nyumba ile walikuwa wakiingia huku wakisali. Bwana afya hakuwa amesali. Alitoka haraka kuliko alivyoingia, ameshika ukuta.

"Mzee," alisema, "hii si choo. Hii ni mtego. Wageni hawalali hapa mpaka nione nyingine mpya. La sivyo watalala kwa mzee wa kanisa mwenzako, Nyamweya."

Okemwa angevumilia mengi, lakini wageni wake walale kwa Nyamweya! Alizunguka akitafuta mchimbaji. Mmoja aliyekuwapo, Onchiri, alikuwa hajalala bila chang'aa tangu Uhuru, na mzee wa kanisa hawezi kumleta mlevi nyumbani kwake wiki ya makambi. Kila aliyeulizwa alijibu jina lile lile. Okemwa alilimeza kama dawa chungu, akatuma mtu amwite Momanyi.

Momanyi alipopata ujumbe alikaa chini. Unaona, kwa Wagusii mkwe na mama mkwe wana heshima yao, na si heshima ya mchezo. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mkwe hatazami hata kitanda cha mama mkwe wake. Sasa fikiria amchimbie choo! Aketi mle ndani kwa siku nyingi, akipima mahali mama wa watu atakapoinama! Mtu akishafanya hivyo kwa mama fulani, binti wa mama huyo hawezi kuwa mke wake tena, labda wahamie nchi ambayo hakuna anayewajua. Kulishika jembe lile kungekuwa kumwacha Nyanchera. Kulikataa kungekuwa kumuudhi baba yake kabisa.

Alikwenda. Lakini alikwenda na shati jeupe la Sabato, mikono mitupu. Uani alimkuta Okemwa, bwana afya, na jirani mmoja mchangamfu aitwaye Manasseh aliyekuja kuona tu.

"Jembe liko wapi?" aliuliza Okemwa.

"Nimeliacha nyumbani, tata. Kwako siwezi kuchimba. Mimi ni mkwe."

"Mkwe wa nani? Nani amekwambia wewe ni mkwe?"

Momanyi alifunga kifungo cha juu cha shati lake jeupe. "Kama mimi si mkwe, sema hapa mbele ya watu. Sema Nyanchera hutanipa, leo wala kesho. Nitaenda mbio nichukue jembe, na utapata choo ambacho wachungaji watakihubiri. Kazi yangu siionei haya, tata. Naona haya kwa mama yake Nyanchera tu."

Okemwa alivuta pumzi ili aseme. Momanyi alifumba macho. Na wakati huo huo Orpah akatoka jikoni amebeba sinia la chai.

Alimwona Momanyi. Mama huyu aliyempa mkono mwaka uliopita bila wasiwasi, sasa alishtuka, akajifunika uso kwa kanga, akageuka na sinia na kukimbia. Alikimbia mbio za kweli, mama mwenye wajukuu! Chai ikamwagika, kuku wakatawanyika, na kikombe kimoja chenye maua kikabingirika hadi miguuni pa bwana afya. Akajificha nyuma ya ghala, na ncha ya kanga yake ikaonekana ikipepea.

Manasseh akaanza kucheka, akajishika mbavu.

"Okemwa," alisema, "hivi bibi yako anamkimbia mchimba vyoo, au anamkimbia mkwe?"

Okemwa alitazama ghala. "Orpah!" aliita. "Unafanya nini huko?"

"Naweza kutokaje na yeye amesimama hapo?" sauti ya Orpah ilijibu nyuma ya ghala. "Mwambie asogee, chai inapoa!"

Mambo yalikuwa yamekwisha hapo, na kila mtu alijua. Mama mkwe ameshakimbia mbele ya mashahidi, mmoja wao wa serikali. Momanyi alifumbua macho, akawa hajui aweke wapi mikono yake mirefu, akaiweka kichwani. Jikoni Nyanchera alianza kuimba, na safari hii hakuruka ubeti.

"Sawa," alisema Okemwa, amechoka ghafla. "Sawa, ni mkwe. Lakini choo je? Nani atanichimbia?"

Watu wakatazamana. Watoto wa kiume wa Okemwa walikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Manasseh alisema atavuta ndoo, ila kushuka hashuki. Bwana afya alitazama saa yake na kumtaja Nyamweya.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mzee wa kanisa, mwenye chai na mabati, alivua koti akaingia ardhini. Momanyi alitoka nje ya ua akasimama barabarani, upande wa pili wa uzio, amewapa mgongo. Barabara ni ya serikali, alieleza, na mtu aliyesimama barabarani anaweza kusema apendavyo. Hakuona kitu, alisikia tu.

"Hapo umepinda, tata! Jembe linalia upande mmoja!"

"Halijapinda!"

"Pumzika, kunywa maji. Sasa rudi kushoto."

Siku ya kwanza Okemwa alinung'unika. Ya pili aliugua mgongo. Ya tatu alifika kwenye udongo mwekundu, akapaza sauti kwa mshangao kwamba kumbe kuna baridi mle ndani, na udongo umebadilika! "Nilijua utaupenda!" Momanyi alipiga kelele kutoka barabarani, akaruka juu kama mtoto, na mwenye baiskeli aliyekuwa akipita nusura aingie mtaroni. Wiki ilipokwisha, Manasseh alisimulia soko zima kwamba amemsikia mzee wa kanisa akiimba chini ya ardhi, tena sauti yake ni nzuri ajabu. Bwana afya alirudi, akachungulia, akaandika, akaondoka bila kumtaja Nyamweya.

Makambi yakafika. Mchana wa Sabato, baada ya mahubiri, wachungaji wakubwa walikuwa uani kwa Okemwa wakila wali na kuku. Momanyi alikuwa mbali kidogo, chini ya uzio, kwa sababu ya heshima ya Orpah, ana sahani yake na shati lake jeupe. Alijua swali litakuja. Wageni huuliza. Bathsheba, aliyekaa karibu naye, alikuwa ameacha kutafuna.

Mchungaji mmoja mzee alitoka nyuma ya migomba akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzee Okemwa," alisema, "nimetembea makambi mengi. Choo safi kama ile sijaona. Nani amekuchimbia?"

Okemwa alisimama. Watu wote waligeuka. Aliinyoosha mikono yake miwili, viganja juu, na malengelenge yalikuwa bado mabichi.

"Mimi," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Njooni wote mwone ukuta."

Akaacha wali wake, akawaongoza wachungaji kwa mstari hadi nyuma ya migomba, na sahani nyingine wakaenda nazo mkononi. Chai yake hakuwaonyesha. Mabati hakuyataja. Walisikika kule wakisema "Ah!" na "Mungu ni mwema!" Njiani wakirudi, mchungaji mzee alimwona Momanyi chini ya uzio akauliza huyu kijana ni nani.

"Huyo ni mkwe wangu," alisema Okemwa kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Anachimba vyoo. Anachimba vizuri sana," akaongeza baada ya kufikiri kidogo, "kwa umri wake."

Bathsheba alipaliwa na wali. Momanyi alitaka kucheka, akakuta analia, akaona bora afanye yote mawili pamoja, akasimama na kumpa mchungaji mkono, na mchungaji akaushika.